Kupiga Picha za Nyota Ukiwa Uani Kwako: Mwongozo Kamili kwa Watu wa Mtwara na Lindi

Ukitaka kujua usiku gani unafaa kupiga picha za nyota Mtwara, muulize mvuvi wa dagaa. Yeye hutoka wakati wa giza, siku ambazo mwezi haupo au unachelewa kuchomoza, kwa kuwa dagaa hufuata taa, na taa haifui dafu mbele ya mbalamwezi. Nyota nazo ni hivyohivyo. Mwezi mpevu ukiwa juu, anga lote linageuka kijivu na kamera ya bei yoyote haitakuokoa. Kalenda yako na yake ni moja, na kero ni moja pia: usiku unaoutaka wewe ndio usiku ambao bahari imejaa taa zake.

Nimeanza na mvuvi makusudi. Wengi wanaoniuliza habari za picha hizi huanza na kamera: ninunue ipi, lenzi gani, darubini je? Mimi nawarudisha kwenye giza. Watu wa miji mikubwa huendesha gari saa nyingi kulitafuta, na sisi tunalo nyuma ya jiko. Mwongozo huu ni wa mtu mwenye uwanja wa nyumba, simu au kamera ya kawaida, na subira ya kukaa nje usiku na mbu.

Kupanga usiku

Mwenye kufuata kalenda ya Kiislamu ameshapata nusu ya kazi. Kuanzia tarehe 20 ya mwezi, mwezi unachomoza saa 4 usiku hivi au baada ya hapo, kwa hiyo una saa kama tatu za giza mapema jioni. Kila siku unachelewa kwa dakika 50 kwa wastani. Kuanzia tarehe 25 hadi mwandamo, usiku karibu wote ni wako. Tarehe 3 au 4 mwezi mchanga upo upande wa magharibi baada ya jua kuzama, lakini unazama mapema, hausumbui. Asiyefuata kalenda hiyo na atazame maji: bamvua huja mara mbili kwa mwezi, moja mwezi ukiwa mpevu na jingine ukiwa mwandamo. Unalolitaka ni hilo la pili.

Jua likizama, usikimbilie nje. Kwetu linazama saa 12 jioni na dakika kadhaa, halafu mwanga wa jioni unachukua saa moja na robo hivi kuisha kabisa. Mwezi wa Juni na Julai, ikifika saa 1 na nusu usiku giza limekamilika. Muda huo utumie kuandaa vifaa na kula.

Kuhusu majira: mvua zetu zinaanza Novemba au Desemba mpaka Aprili, na kipindi hicho unapiga kwa kubahatisha, kati ya wingu na wingu. Msimu wenyewe ni wa kusi, Mei hadi Septemba. Usitegemee anga tupu kila siku. Kusi lina tabia ya kuleta vijiwingu kutoka baharini vinavyopita kama kundi la mbuzi. Mimi huwa sifungi vifaa wingu likija. Nakaa, nakunywa chai, linapita. Oktoba joto linaanza, mashamba yanachomwa, na moshi unaifanya sehemu ya chini ya anga kuwa ya kahawia. Hapo piga vitu vilivyo juu utosini, vya upeoni uviache.

Tena wewe mwenye mikorosho jirani: wakati wa kupuliza salfa, ule unga unaelea alfajiri na kutua kila mahali. Usiache lenzi wazi mpaka asubuhi. Ukikuta vumbi la njano kwenye kioo, lipulize kwanza kwa kipulizio cha mpira. Usifute kwa khanga, utakwaruza.

Uwanja wako ukoje?

Toka nje usiku, zima taa zote za nyumbani, simama katikati ya uwanja dakika 20 bila kutazama simu. Macho yanahitaji muda huo kuzoea giza, na ukiwasha simu mara moja unaanza upya. Kisha zunguka taratibu uone upande upi ni mweusi zaidi na upi una mwanga.

Mimi naishi Mikindani. Mwanga wa Mtwara mjini uko mashariki kwangu, kama alfajiri isiyokwisha. Kusini kuko safi. Adui yangu mkubwa hakuwa mji, alikuwa taa nyeupe ya ulinzi ya jirani inayopita juu ya ukuta. Nilifikiria kuhama uwanja, nikafikiria kumwomba azime. Mwishowe nilifunga kamba ya kuanikia nguo juu zaidi na kutandaza shuka mbili nzito kati yangu na ile taa. Gharama yake ni kamba. Kivuli cha shuka kikiangukia kamera, umemaliza. Si lazima uwanja mzima uwe giza, ni lenzi tu isipigwe mwanga wa moja kwa moja. Umeme ukikatika, na kwetu unakatika, wengine wanalalamika, mimi nakimbilia stendi ya kamera.

Mtu wa Lindi mjini bahari iko mashariki kwake, na huko ndiko vitu vyote vinakochomoza. Wa Newala ana bahati kuliko wote: yuko juu ya ukingo wa Uwanda wa Makonde, na pale Shimo la Mungu anatazama bonde la Ruvuma likiwa chini yake upande wa kusini bila kizuizi. Ukitaka ufukwe unaotazama bahari kuu, nenda Msimbati. Lakini kumbuka njia yake inapita Madimba penye mitambo ya gesi, na kuelekeza kamera kwenye mitambo, bandari au kambi usiku ni kutafuta maneno. Piga juu.

Jambo la mwisho kabla ya vifaa, na usilidharau: waambie watu. Mtu anayesimama uani saa 8 usiku na taa nyekundu, haongei, anatazama juu, hapa pwani ana jina lake, na si jina zuri. Wiki yangu ya kwanza vijana wa ulinzi shirikishi waligonga geti. Siku ya pili nilikwenda kwa mjumbe na simu yangu, nikamwonyesha picha mbili. Tangu hapo wakipita wananiuliza tu, "Leo zimetoka?"

Vifaa: anza na ulichonacho

Simu inatosha kuanzia. Ingia kwenye kamera, tafuta hali ya Pro. Baadhi ya simu za Tecno, Infinix na Samsung zinakuruhusu kufungua shata (mlango unaoingiza mwanga kwenye kamera) mpaka sekunde 30. Weka ISO, yaani wepesi wa kamera kupokea mwanga, kati ya 1600 na 3200, sekunde 10 hadi 15, fokasi ya mkono isogezwe mpaka alama ya mlima, na rangi ya mwanga iwe kelvini 4000 hivi. Saa ya kuchelewesha iwe sekunde 5, ili mtikisiko wa kidole chako uwe umetulia shata ikifunguka. Kama simu yako inahifadhi faili la RAW, yaani picha ghafi isiyochakatwa, liwashe. Simu za Google Pixel zina hali maalumu ya nyota tangu Pixel 4 ya mwaka 2019. Hizo zinapiga zenyewe picha nyingi fupi na kuziunganisha.

Simu haina mguu, kwa hiyo utahitaji stendi. Zile nyepesi za mtaani zinatikiswa na kusi kama bendera. Ning'iniza chupa ya maji ya lita moja na nusu katikati ya miguu yake, au mfuko wa mchanga. Stendi yangu ya pili nilitengenezewa na fundi wa kuchomelea kwa bomba za chuma. Ni nzito, mbaya wa sura, na haijawahi kutikisika.

Ukishanogewa, tafuta kamera ya lenzi za kubadilisha, ya mtumba. Kamera yenye umri wa miaka kumi inafanya kazi hii vizuri, kwa sababu nyota hazihitaji kasi wala video. Ukienda kuikagua beba tochi. Mulika lenzi kutoka nyuma, uitazame kwa mbele kwa pembe: ukiona nyuzinyuzi kama utando wa buibui ndani ya kioo, huo ni ukungu, na lenzi za pwani zinao sana. Iache. Piga picha moja kwa sekunde 30 ukiwa umefunika lenzi, ikuze, hesabu vidoa vyeupe na vyekundu. Vichache ni kawaida.

Lenzi inayokuja na kamera, ile ya milimita 18 hadi 55, inatosha miezi ya kwanza. Ya pili inunue ya milimita 50 yenye f/1.8 (f ni uwazi wa lenzi: namba ikiwa ndogo, mwanga unaoingia ni mwingi). Ni ya bei ndogo kuliko nyingi, na inapitisha mwanga karibu mara 4 ya ile ya kwanza ikiwa kwenye f/3.5. Darubini ngoja kwanza. Najua ndiyo inayovutia macho, lakini darubini bila mtambo wa kuizungusha kufuata nyota itakupa picha za mwezi tu, na kwa mwezi hata simu iliyobanwa kwenye kioo cha darubini ya macho mawili inafanya kazi nzuri.

Vingine ni vidogo: betri ya akiba, tochi iliyofungwa plastiki nyekundu (nyekundu haiharibu macho yaliyozoea giza), nguo ya mikono mirefu, dawa ya mbu, na soksi moja kuukuu. Soksi nitaieleza.

Usiku wa kwanza, hatua kwa hatua

Zima fokasi ya kujiendesha. Zima pia kitulizaji cha mtikisiko kwenye lenzi. Juu ya stendi kinaleta mtikisiko badala ya kuuondoa. Weka kamera kwenye M (mipangilio ya mkono), faili liwe RAW, f iwe namba ndogo kuliko zote, ISO 1600.

Sasa fokasi, na hapa ndipo wengi wanapopotezea usiku wao. Alama ya umbali usio na mwisho iliyochorwa kwenye lenzi usiiamini. Tafuta nyota inayong'aa: Mei na Juni jioni tumia Alfa Sentauri, ile inayong'aa zaidi kati ya nyota mbili zinazouelekea Msalaba wa Kusini, Januari tumia Sirius. Iweke katikati, washa kioo cha nyuma, kuza mara 10. Utaona duara lenye ukungu. Zungusha pete ya fokasi polepole, kiasi cha upana wa ukucha. Duara linapungua, linakuwa punje, halafu linaanza kukua tena. Umepita. Rudi nyuma, safari hii kwa upana wa uzi. Punje ikiwa ndogo kabisa, nyota hafifu zinaanza kujitokeza pembeni yake ambazo sekunde moja nyuma hazikuwepo. Hizo ndizo shahidi wako, kuliko hata nyota yenyewe. Chukua kipande cha gundi ya karatasi, gandisha pete isisogee. Usiku kila baada ya nusu saa kagua tena, maana lenzi ikipoa fokasi inahama.

Muda wa shata unategemea lenzi. Dunia inazunguka, na nyota zinatembea nyuzi 15 kwa saa. Ukifungua muda mrefu zinakuwa vijistari badala ya nukta. Watu wanatumia kanuni ya 500: gawa 500 kwa urefu wa lenzi. Kanuni hiyo ilikuwa nzuri zama za filamu. Kwa kamera za leo mimi nagawa 300, na kama kamera ina kihisi (kipande cha ndani kinachopokea mwanga) kidogo, nazidisha kwanza urefu wa lenzi kwa 1.5 au 1.6. Kwa hiyo lenzi ya 18 inakuwa 29, na 300 kwa 29 ni sekunde 10. Lenzi ya 50 ni sekunde 4 tu.

Ila kuna nafuu ambayo wengi hawaijui. Kadiri nyota ilivyo karibu na ncha ya kusini ya anga, ndivyo inavyotembea polepole. Msalaba wa Kusini unatembea nusu ya kasi ya nyota za ukanda wa Jabari, kundi la nyota la Orion. Mahali ambapo Jabari anakupa sekunde 10, Msalaba unakupa 20.

Piga moja. Ikuze, tazama pembeni na katikati. Nyota ni nukta? Endelea. Halafu usipige moja tu uende kulala. Piga 30, 60, 100, mfululizo, bila kugusa kitu. Sababu nitaifikia.

Mwisho wa usiku funika lenzi, na kwa mipangilio ileile piga nyingine 20 za giza tupu. Zinaonekana kama upuuzi. Zinarekodi vidoa vya kihisi chenyewe, ambavyo kwa joto letu ni vingi kuliko vya mtu wa nchi za baridi, na programu itavitoa kwenye picha zako.

Umande, ukungu na chumvi

Usiku wangu wa kwanza wa maana nilipiga picha 80. Ishirini za kwanza zilikuwa nzuri, zilizofuata zikaanza kufifia, za mwisho zilikuwa nyeupe kama uji. Nikalaani mawingu. Nilipokwenda kufunga kamera nikagusa lenzi: imelowa. Anga lilikuwa wazi muda wote, ni umande uliotanda kwenye kioo changu.

Umande unatua kwenye kitu kilichopoa kuliko hewa inayokizunguka, na kioo kinachotazama anga wazi kinapoa haraka. Dawa ni kukipa joto kidogo tu. Wenye nacho wananunua mkanda wa joto unaochomekwa kwenye pawabenki. Mimi nilianza na soksi: ikate ncha, ivishe lenzi, ndani weka chupa ndogo ya dawa iliyojaa maji ya moto. Inakaa dakika 40 hivi, unabadilisha. Ongeza kofia ya lenzi iliyo wazi mbele, hata ya karatasi ngumu ya boksi, ndefu kiasi cha kiganja, iliyopakwa nyeusi ndani. Kila picha ya 20, mulika kioo kwa tochi nyekundu kwa pembeni. Kikiwa na ukungu, kipepee, usikifute.

Ukimaliza, usiingize kamera chumbani wazi. Ifunge kwenye mfuko wa plastiki ukiwa bado nje, iache ndani ya mfuko mpaka ifanane na joto la chumba. Baada ya hapo makao yake ni ndoo yenye mfuniko unaobana pamoja na vipakiti vya kukaushia, vile vinavyokuja kwenye viatu vipya. Ukikaa ufukweni, futa stendi kwa kitambaa chenye maji baridi, kisha kikavu. Chumvi inakula skrubu kwa muda mfupi.

Nini cha kupiga na lini

Sisi tuko nyuzi 10 kusini mwa ikweta, na hiyo ni nafasi ambayo wapenda nyota wa Ulaya wanailipia nauli ya ndege. Ncha ya kusini ya anga iko nyuzi 10 juu ya upeo wetu. Nyoosha mkono, kunja ngumi: upana wa ngumi ni kama nyuzi 10. Kwa hiyo ukitazama kusini, weka ngumi moja juu ya mstari wa upeo, na hapo ndipo anga lote linapozungukia. Hakuna nyota kali pale, ndiyo maana wengi hawapajui. Ukitaka kuhakikisha, chukua mti mrefu wa Msalaba wa Kusini, uendeleze kuelekea chini kwa mara nne na nusu za urefu wake.

Lenga pale na lenzi pana, piga picha za sekunde 30 kwa saa mbili, uziunganishe: nyota zinachora pete zikizunguka nukta iliyo karibu na ardhi. Weka mnazi au kibanda mbele. Hiyo ndiyo picha rahisi kuliko zote na ndiyo inayowashangaza watu wa nyumbani.

Njia Nyeupe, ule ukanda hafifu wa nyota unaokatiza anga, ndiyo kila mtu anayoitaka. Kitovu chake kiko upande wa kundi la nyota la Mshale, karibu na mkia wa kundi la Nge. Kwetu kinapita karibu na utosi: katikati ya Juni saa 6 na nusu usiku, katikati ya Julai saa 4 na nusu, katikati ya Agosti saa 2 na nusu. Kikiwa juu hivyo unapata maelezo mazuri lakini hupati ardhi kwenye picha. Ukitaka mbuyu au jahazi chini yake, kiwahi kinapochomoza mashariki kuelekea kusini, Aprili usiku mwingi au Mei baada ya kula.

Aprili hadi Juni jioni geukia kusini. Kando ya Msalaba kuna doa jeusi, Mfuko wa Makaa, ambalo si tundu bali ni vumbi linaloziba nyota zilizo nyuma. Kulia kwake, ndani ya Njia Nyeupe, kuna wingu jekundu la Karina. Kushoto juu kuna Omega Sentauri: kwa macho ni nyota yenye ukungu, kwa lenzi ya 50 unaona ni chungu ya nyota, na kwa kweli ni mamilioni yake, umbali wa miaka ya mwanga 17,000 hivi.

Mawingu mawili ya Magellan, ambayo si mawingu bali ni galaksi jirani zetu, yanakaa vizuri Novemba hadi Februari, wakati wa mvua, bahati mbaya. Jabari naye ni wa majira hayo. Wingu lake lililo kusini mwa ukanda linapita utosini kwetu, na ndilo la kwanza ningemshauri mtu wa lenzi ya 50. Oktoba na Novemba jioni, kaskazini, unaweza kuipata Andromeda, miaka ya mwanga milioni 2.5.

Mwezi wenyewe ni rahisi: f/11, ISO 100, shata 1/100, kisha rekebisha. Piga ukiwa nusu, vivuli vya mashimo vionekane. Ukiwa mpevu unakuwa kama sahani. Jua usilielekezee lenzi bila kichujio chake maalumu mbele ya lenzi, wala usilitazame kupitia kamera. Jicho haliuzwi.

Mbao mbili na bawaba

Ukitaka zaidi ya sekunde 10, lazima kamera izunguke na anga. Mitambo ya kufanya hivyo inauzwa, lakini fundi seremala wa mtaani kwako anaweza kukutengenezea inayofanya kazi.

Chukua mbao mbili za mninga, kila moja sentimita 30 kwa 10, ziunganishe upande mmoja kwa bawaba imara isiyocheza. Tafuta bolti ndefu ya milimita 6, ile ambayo mafundi wanaifungua kwa spana namba 10. Hakikisha meno yake: weka rula kando, hesabu meno 10, yakiwa sentimita 1 kamili, ndiyo yenyewe. Pima kutoka katikati ya pini ya bawaba sentimita 22.9, toboa ubao wa chini, gandisha nati hapo, pitisha bolti isukume ubao wa juu. Kwa umbali huo na meno hayo, mzunguko mmoja wa bolti kwa dakika unafungua mbao kwa kasi ileile ya anga. Fundi wangu aliniuliza mara tatu kama kweli nataka 22.9 na si 23. Nilimwambia ataniua kwa hiyo milimita moja. Alicheka, lakini alipima.

Kwenye kichwa cha bolti bandika mfuniko wa ndoo ya rangi uwe usukani. Ubao wa juu upokee kichwa cha stendi kinachozunguka, na kamera juu yake. Ubao wa chini ufunge kwenye stendi.

Kuuelekeza: bawaba ilale ikielekea kusini halisi, na mwisho wake wa kusini uinuke nyuzi 10. Programu ya simu ya kupimia mteremko inatosha. Upande wa bawaba uwe magharibi, upande wa bolti mashariki, ili ubao ukifunguka kamera iinamie magharibi kama nyota zinavyokwenda. Ukigeuza upande utapata vijistari virefu maradufu; nimefanya hivyo, tena usiku mzima. Weka saa ya ukutani mbele yako na uzungushe mfululizo, sambamba na mshale wa sekunde. Usiende kwa mirukio. Anza na lenzi pana na dakika moja. Ukifanikiwa, jaribu mbili.

Kuziunganisha

Picha moja ya usiku imejaa chenga. Chenga hizo zinabadilika kila picha, nyota hazibadiliki. Ukizipanga picha moja juu ya nyingine na kuchukua wastani, chenga zinapungua kwa kipeuo cha pili cha idadi ya picha: picha 16 zinapunguza mpaka robo, picha 100 mpaka sehemu ya kumi. Ndiyo maana nilikwambia usipige moja.

Kwenye kompyuta ya Windows, Sequator ni ya bure na inaelewa kuwa nyota zinatembea lakini mnazi hautembei. Siril nayo ni ya bure, ni ngumu kidogo, ila inafika mbali na inafanya kazi hata kwenye Linux. Zipe picha zako, zipe na zile 20 za giza, chagua njia ya wastani inayotupa vitu vya ajabu; satelaiti na ndege zilizopita zitatoweka zenyewe.

Matokeo ya kwanza yatakuwa meusi na utadhani umeharibu. Fungua mikunjo ya mwanga (Curves), programu ya GIMP inayo, na inua sehemu ya giza kidogo kidogo, mara tano ndogo badala ya mara moja kubwa. Weusi usiwe wino mtupu. Anga la usiku lina ukijivu wake. Ukiona upande mmoja una rangi ya chungwa, ni taa za mji. Siril ina zana ya kuusawazisha. Halafu acha. Ninazoziona mtandaoni, Njia Nyeupe ya zambarau kama kitenge kipya, sizipendi. Hifadhi faili za RAW mahali pawili, maana mwaka kesho utakuwa fundi zaidi na utataka kuzirudia.

Jirani yangu, bibi mmoja wa hapahapa Mikindani, alikuja Julai iliyopita kuona ninachokifanya. Nilimwonyesha Njia Nyeupe kwenye simu. Akaitazama, akarudisha simu. "Mjukuu wangu, na Kilimia je?" Alinisomea ule msemo wa wazee: Kilimia kikizama kwa jua, huzuka kwa mvua. Nikamwambia Kilimia, lile kundi dogo la nyota, kwa sasa hakipo jioni, kinachomoza kaskazini mashariki karibu saa 9 usiku. "Mimi saa 10 na nusu niko macho," alisema, "naamkia sala."

Kwa hiyo nilitega saa. Lenzi ya 50, f/2.8, ISO 1600, sekunde 4, picha 100, zote zimekwisha kabla ya saa 11, mwanga wa alfajiri ukiwa bado haujaanza. Alisimama nyuma yangu muda wote na khanga begani, akihesabu kwa kidole. Yeye aliona sita. Kamera ilipomaliza tulikuza picha ya kwanza, akaanza kuhesabu upya, akafika ishirini na kitu, akaacha kwa sababu ya adhana.